Maswali ya Wasomaji: Je, mji wa pwani unaweza kujikinga na dhoruba?

SWALI: Bwana Mhariri, nakusalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mwanangu ni shofa wa lori; hupitia Kasumbalesa kupeleka shaba kwenye bandari ya Beira, Msumbiji, na sasa anataka kuwahamishia mke na watoto kule. Mimi nakumbuka kimbunga cha mwaka 2019 na roho hainitulii. Mji kama ule unaweza kweli kujikinga, au watu wanangojea tu dhoruba nyingine? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama yetu, hofu yako ina msingi. Kimbunga Idai kiliingia Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kikang'oa mapaa na kukata umeme na simu, na kwa siku kadhaa malori hayakuweza kuingia wala kutoka kwa sababu maji yalikuwa yameikata barabara kuu. Nchini Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya maafa hayo haikuletwa na mawimbi ya bahari bali na mito ya Buzi na Pungwe, iliyofurika baada ya mvua kubwa.

Beira imejengwa kwenye ardhi tambarare, na baadhi ya mitaa yake iko chini ya kimo cha maji ya bahari yanapojaa, kwa hiyo mvua ikinyesha saa hiyo maji hayana pa kutokea. Ndiyo maana, hata kabla ya Idai, mji huo ukiongozwa na meya Daviz Simango ulikuwa umeanza kuyatafutia maji njia: mto Chiveve, unaopita katikati ya mji na uliokuwa umezibwa na mchanga na takataka, ulichimbwa upya, mifereji ilipanuliwa, bwawa kubwa la kupokea mvua likatengenezwa, na malango yakawekwa mahali mifereji inapokutana na bahari. Bahari inapojaa, lango hufungwa ili maji ya chumvi yasiingie mitaani, na mvua hukusanyika kwenye mifereji na bwawa. Bahari inapokupwa, lango hufunguliwa na maji yote hutoka. Baada ya kimbunga ilionekana kwamba mitaa iliyokuwa na mifereji hiyo ilikauka mapema kuliko mingine. Mimi naithamini kazi hiyo kuliko ukuta wowote mrefu.

Lakini lango lililokwamishwa na takataka halifungi, na mfereji uliojaa mchanga na sashe haupitishi kitu. Sisi wa Lubumbashi tunalijua hilo kila mvua za Novemba zinapoanza. Mji unaotafuta pesa za kuchimba bila kutenga pesa za kusafisha kila mwaka bado haujajikinga.

Kuta nazo zina nafasi yake. Uholanzi, baada ya mafuriko ya mwaka 1953 kuua watu 1,836, ilijenga kingo na malango makubwa, likiwemo lile la karibu na Rotterdam lililoanza kazi mwaka 1997. Hata hivyo, ukuta unaozuia bahari isiingie huzuia pia mvua isitoke, na ukivunjika, mji hugeuka kuwa beseni. Ndivyo ilivyokuwa New Orleans, Marekani, mwaka 2005: kingo zilipasuka na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji.

Kinachookoa roho za watu zaidi ya yote ni onyo linalofika mapema, kwa lugha ya wenyeji, pamoja na mahali palipoandaliwa pa kukimbilia. Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga cha mwaka 1970. Tangu hapo imeandaa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na bendera na vipaza sauti, na imejenga majengo imara ya kujihifadhia, na vifo vimepungua mno.

Kwa hiyo, Mama, usimkataze mwanao, mwambie achunguze. Awaulize majirani maji yalifika wapi mwaka 2019 na yalikaa siku ngapi. Aangalie kama mapao ya paa yamefungwa kwenye kuta kwa mikanda ya chuma, hasa pembeni, kwani upepo huanza kuinua mabati hapo. Ajue shule au kanisa ambalo mtaa wake hukimbilia, na mkewe alijue pia, kwa sababu onyo likitoka baba anaweza kuwa bado yuko njiani na lori.

SWALI: Nasikia miti ya mikoko huzuia dhoruba. Ni kweli? (Mwanafunzi, komini ya Kampemba)

JIBU: Ni kweli, kwa kiasi. Mizizi na mashina yake huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo, na ukanda wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kulingana na msongamano wa miti. Ila bahari nzima inapoinuka kwa msukumo wa kimbunga, ukanda mwembamba hausaidii sana, panahitajika msitu mpana. Nchi yetu, ambayo pwani yake haifiki kilomita 40, ina msitu wa namna hiyo huko Muanda, uliofanywa hifadhi mwaka 1992, na mikoko yake inapokatwa kwa ajili ya kuni na makaa, wavuvi wa pale ndio wanaobaki bila kinga.