Ganzi ya paja haitibiwi kwa sponji: kuchagua hanesi ya kupandia miamba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Masasi. Mimi na wenzangu wawili tunapanda miamba ya huku kwetu kwa njia ya kijadi: hatutoboi mwamba, tunapachika nati na kemu (vifaa vya chuma vinavyokwama kwenye ufa na kushikilia kamba) kwenye nyufa wakati wa kupanda, na wa mwisho anazichomoa. Hanesi yangu, yaani mikanda ya kiuno na mapaja inayofungwa kwenye kamba, ni ya mtumba, saizi L, na lebo inaonyesha ilitengenezwa mwaka 2012. Kiuno changu ni sentimita 79. Nikikaa nusu saa kituoni, pale tunapojifunga kwenye mwamba, nikimshikia mwenzangu kamba, paja la kulia linakufa ganzi upande wa nje. Fundi cherehani wa hapa anasema ataongeza sponji ya godoro kwenye mkanda wa kiuno na kuushona upya kwa uzi wa viatu, kwa shilingi 15,000. Je, nimpe kazi hiyo, au nitafute hanesi nene zaidi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimpe fundi kazi hiyo, na wala usitafute hanesi nene zaidi. Tafuta hanesi inayokutosha. Maelezo yako yana jibu ndani yake, kwa sababu mtu mwenye kiuno cha sentimita 79 hana sababu ya kuvaa saizi L, ambayo kwa watengenezaji wengi huanzia juu ya kipimo hicho, na ganzi ya upande wa nje wa paja ni dalili ninayoifahamu vizuri kutokana na vijana ninaowafundisha kufanya kazi mahali pa juu hapa Mtwara. Mshipa wa fahamu unaopeleka hisia za ngozi ya upande huo hupita karibu kabisa na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Mkanda wa saizi kubwa kupita kiasi hauwezi kukaa juu zaidi ya mifupa hiyo. Unateremka kwa uzito wa vifaa mpaka uilalie, nawe unaukaza hapohapo, na mshipa unabanwa. Mguu haupungui nguvu, kwa kuwa mshipa huo unabeba hisia tu, lakini ngozi inakufa ganzi au kuchomachoma. Ukiongeza sponji mahali hapo utakuwa umeongeza kitu kingine cha kubana.

Ningependa kukaa kidogo kwenye hili la sponji, maana hakuna wiki inayopita bila mtu kunishika mkono na kuniuliza ni hanesi gani iliyo nene kuliko zote. Watu wanaipima hanesi kama wanavyopima godoro, kwa kuibonyeza kwa kidole gumba dukani, na ikibonyea vizuri wanaona wamepata raha. Kidole gumba hakina uzito wa kilo 70. Mwili mzima ukining'inia, sponji laini inalala bapa ndani ya sekunde chache, na kinachobaki kukushikilia ni ule utepe wa nailoni au polyesta uliomo ndani. Ikiwa utepe huo ni mwembamba, utakukata bila kujali umefunikwa kwa nini. Ikiwa ni mpana, au umegawanywa katika nyuzi nyingi zilizotandazwa upana wote wa mkanda, uzito utaenea na utaweza kukaa muda mrefu hata kama hanesi yenyewe ni nyembamba kiasi cha kukunjwa mfukoni. Zaidi ya hayo, sponji nene inamdanganya anayevaa: unakaza bizimu juu ya sponji iliyovimba, unapanda, sponji inalegea na kujaa jasho, na mkanda uliokuwa umebana sawasawa chini ya mwamba sasa umelegea ukiwa juu.

Kwa hiyo pima mwili kwanza. Chukua futi ya fundi (hapo ndipo fundi cherehani anapofaa) uzungushe kiuno juu ya mifupa ya nyonga, takribani usawa wa kitovu, wala si pale unapofungia mkanda wa suruali. Pima pia unene wa paja karibu kabisa na kinena, kisha linganisha vipimo vyote viwili na jedwali la mtengenezaji, kwa kuwa saizi M ya mmoja inaweza kuwa S ya mwingine. Hanesi ikishavaliwa, kiganja kilichonyooshwa kinapita kati ya mkanda na tumbo kwa shida kidogo, na hata ukiuvuta kwa mikono miwili haushuki kupita nyonga; kama unashuka, ujue kwamba ukipinduka kichwa chini utachomoka. Mkanda uwe na nafasi ya kukazwa na ya kulegezwa kwa pande zote mbili, na ncha yake ibaki imetokeza nje ya bizimu walau sentimita 8.

Kipimo ambacho karibu kila mtu anakisahau ni umbali kati ya mkanda wa kiuno na vitanzi vya mapaja. Ukiwa mfupi kuliko mwili wako, hanesi inakuvuta na kukukunja kila unapoinua goti. Ukiwa mrefu, mapaja hayapokei uzito mapema, mkanda wa kiuno unapanda mpaka chini ya mbavu, nawe unahema kama uliyekimbizwa. Hanesi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake zina umbali mrefu zaidi, na ninawajua wanaume wawili wenye nyonga ndefu wanaozivaa kwa furaha, ingawa hawataki kulisema hilo mbele za watu. Zile kamba za mpira za nyuma, zinazounganisha vitanzi vya mapaja na kiuno, zinapanga mkao tu. Hazibebi uzito wowote.

Kwa upandaji wa kijadi kuna jambo moja la ziada, nalo ni mzigo. Nati, kemu, karabina (pete za chuma zenye mlango wa kufunguka) na tepe (vitanzi vya utepe vya kuunganishia vifaa) za kutosha njia ndefu zinaweza kufika kilo 5 au zaidi, na zote zinaning'inia kiunoni kabla mwili wenyewe haujaning'inia popote. Miamba ya Masasi nayo inalifanya tatizo lionekane zaidi. Ni migongo mikubwa ya gnaisi, aina ya mawe magumu, iliyochomoza peke yake kwenye tambarare, ya aina ambayo wanajiolojia huiita bornhardt kwa kumkumbuka Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechunguza nchi hii ya kusini mwishoni mwa karne ya 19. Mteremko wake wa mviringo hukuweka umesimama kwa miguu muda mrefu, na nyufa za kupachika vifaa hazipatikani kila hatua, hivyo unabeba vingi na kuvitumia polepole. Chagua hanesi yenye vitanzi vya vifaa visivyopungua vinne, viwili vya mbele viwe vigumu kidogo ili karabina isikwame kwenye nguo, na vitanzi vya mapaja viwe vya kurekebishwa kwa bizimu kama unapanda mara kwa suruali nzito, mara kwa kaptula. Gawa mzigo kulia na kushoto. Unaweza pia kuhamishia sehemu yake kwenye mkanda wa begani, ambao unapumzisha kiuno lakini unabembea na kukuziba usione miguu yako. Kumbuka tu kwamba vitanzi hivyo vya vifaa havikutengenezwa kumbeba mtu. Kuna aliyewahi kujifungia hapo kituoni mbele yangu, nikamshusha chini siku hiyohiyo na sikumpandisha tena mwezi mzima.

Najua Mtwara na Lindi hakuna duka unaloweza kuingia ukajaribu hanesi tatu kwa pamoja, na wengi mnaagiza kwa ndugu aliye Dar es Salaam au nje ya nchi. Basi patana kabla na muuzaji kwamba isipokutosha utairudisha ikiwa na lebo zake. Ikifika, ifunge kwenye tawi nene la mwembe (la mkorosho hapana, hukatika bila taarifa), miguu ikiwa nusu mita tu kutoka chini, vifaa vyote vikiwa vimetundikwa, na mwenzako akiwa amesimama kando. Ning'inia dakika 10 ukisogeza miguu. Usijaribu peke yako, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogea anaweza kuzimia hata kama hakuumia popote. Sehemu kubwa ya uzito isikike mapajani, mgongo usaidiwe bila kukunjwa, na ganzi isiwepo. Kubanwa kidogo ni kawaida, kwani hakuna hanesi duniani inayokaliwa kama kiti cha sofa.

Sasa turudi kwa fundi wako, ambaye sina shaka anashona suruali nzuri. Hanesi ya kukalia, yaani ya kiuno na mapaja kama yako, iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12277, au yenye alama ya UIAA, ambayo ni shirikisho la kimataifa la wapanda milima, imevutwa maabara kwa nguvu ya kilonyutoni 15, sawa na kutundika uzito wa takribani kilo 1,500. Kinachoishikilia wakati huo ni mishono iliyopangwa na mashine kwa idadi ya vipigo, aina ya uzi na mvuto vilivyokwisha kujaribiwa. Sindano ya cherehani inapopita juu ya mishono hiyo inakata nyuzi ambazo huzioni. Uzi wa viatu, ambao mara nyingi umepakwa nta, hauna rekodi yoyote ya kubeba mtu aliyeanguka. Na kitambaa kipya cha juu kinafunika kila kitu, kwa hiyo kuanzia siku hiyo hakuna atakayeweza kuikagua hanesi hiyo tena.

Nilipokuwa kijana mwajiri mmoja alinipa hanesi ya namna hiyo kwa kazi ya kupaka rangi tangi refu. Ilikuwa imevalishwa turubai jipya la buluu, nene, la kupendeza, na sote tuliigombania. Niliivaa wiki mbili. Siku turubai lilipochanika kwenye kona ya chuma, tulikuta ndani yake panya alikwisha kutafuna utepe wa kiuno mpaka zaidi ya nusu ya upana wake, na fundi alikuwa ameshona juu ya tundu hilohilo.

Wengine hujibu kwamba wao ni wapandaji wa siku nyingi na wanajua kuangalia. Todd Skinner wa Marekani alikuwa miongoni mwa wapanda miamba wazoefu kuliko wote wa kizazi chake. Tarehe 23 Oktoba 2006, akishuka kwa kamba kwenye mwamba wa Leaning Tower huko Yosemite, kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kile kinachounganisha kiuno na mapaja na kutumika kushikia kamba, kilikatika akafa. Kitanzi hicho kilikuwa kimechakaa, na mwenzake alikuwa amemwambia hivyo. Hanesi mpya ilikuwa imeshaagizwa. Kwa mtu anayekaa vituoni muda mrefu kama wewe, usiache tepe imefungwa daima kwenye kitanzi hicho, maana inakizuia kuzunguka na msuguano wote unaangukia mahali pamoja. Na unapojifunga kamba, fundo la nane (lenye umbo la namba 8) lipite katika matundu yote mawili, la kiuno na la mapajani, wala si kwenye kitanzi hicho cha mbele.

Wauzaji wa njia za mkato nao ni wengi. Yupo anayeshona hanesi kwa mikanda ya magari yaliyochinjwa, akijisifu kwamba mkanda wa gari hauwezi kukatika, jambo ambalo ni karibu kweli kwa mkanda wenyewe na si kweli hata kidogo kwa mishono yake. Yupo anayeuza mkanda wa kiuno wa mafundi umeme wa nguzoni kama kifaa cha kuzuia mtu asianguke, wakati kazi yake ni kumwegemeza mtu aliyekwisha kusimama. Marekani ilipiga marufuku kutumia mikanda ya kiuno pekee kwa kuzuia anguko kazini tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa sababu anguko lote linaishia kwenye tumbo na uti wa mgongo. Yupo pia anayekushawishi uchukue hanesi ya mwili mzima ya kiwandani kwa kuwa ni kubwa zaidi. Hiyo ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini pete yake ya mgongoni haifai kwa anayepanda mwamba wa kwanza akiwaongoza wenzake.

Halafu kuna watu wanaonunua kitu sahihi na kukiua wenyewe nyumbani. Jua la pwani yetu linaila nailoni kidogo kidogo, na jasho na chumvi ya bahari vinabaki ndani ya utepe kama havikusuuzwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Asidi ya betri inaikata nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona, kwa hiyo hanesi haipandi kwenye buti la gari pamoja na betri ya sola. Usiihifadhi kwenye stoo yenye salfa na viuatilifu vya mikorosho, ambako ndiko nusu ya hanesi ninazoletewa kukagua kutoka Newala na Tandahimba zinakolala. Na usiandike jina lako kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe. Andika kwenye lebo.

Hiyo yako, hata ingekutosha, imekwisha muda wake. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi hata kama havikutumika, na yako imepita, tena huijui ilianguka na nani, wapi, wala mara ngapi. Usimpe mdogo wako, na usiiuze kwa mkwezi wa minazi. Kabla ya kuitupa kata kiuno, kata vitanzi vyote viwili vya mapaja na kitanzi cha mbele, kila kimoja mahali pake, maana ikifika jalalani ikiwa nzima, kesho kutwa utaikuta mnadani imevalishwa turubai jipya.