Jibu kuhusu dude la Loch Ness na Yeti

Umeuliza kama picha na nywele zinazoonyeshwa kuhusu dude linalodaiwa kuishi katika ziwa la Loch Ness huko Uskoti, na Yeti, kiumbe kama sokwe anayedaiwa kuishi katika milima ya Himalaya, zinatosha kuwa ushahidi kwamba wapo, hasa kwa kuwa silakanti, samaki wa kale, naye alidhaniwa kuwa ametoweka kabla ya kupatikana. Kwa maoni yangu hazitoshi, kwa sababu kila zilipochunguzwa kwa makini zimetoa jibu jingine. Picha maarufu ya Loch Ness ya mwaka 1934, iliyoaminiwa na watu wengi kwa miongo kadhaa, ilifichuliwa mwaka 1994 kuwa ni nyambizi ya kuchezea iliyowekewa kichwa cha bandia. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichota maji katika sehemu mbalimbali za ziwa hilo na kuchunguza vinasaba vilivyoachwa humo na viumbe. Hawakuona dalili yoyote ya mtambaazi mkubwa, bali vinasaba vingi vya mikunga, samaki warefu kama nyoka. Kuhusu Yeti, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima sampuli tisa za mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi, na nane kati yake zilikuwa za dubu, ya tisa ikiwa ya mbwa.

Silakanti, kwa upande wake, alikubaliwa na wanasayansi kwa sababu mwaka 1938 alivuliwa samaki mzima huko Afrika Kusini, ambaye yeyote aliyetilia shaka aliweza kumkagua.