Mama anasahau: ni uzee tu?

Dada, salamu kutoka Kadutu hapa Bukavu. Mama ana miaka 76, mwaka mzima anauliza kitu kilekile mara tano, lakini sasa tangu siku tatu anachanganyikiwa usiku, ananiita jina la dada yake marehemu. Ndugu wanasema ni uzee tu, wengine tumpeleke kwenye nyumba ya wazee ya masista. Nifanye nini?

Pole sana ndugu yangu. Neno "ni uzee tu" usilikubali hata kidogo! Kusahau polepole ni kitu kimoja, inaweza kuwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, lakini kuchanganyikiwa kwa siku tatu ni kitu ingine, mara nyingi mwili unaumwa, malaria, infeksio ya mkojo, kukosa maji, sukari kushuka ama dawa zinagongana, kwa hiyo mpeleke lopitali leo, si kesho, na ubebe dawa zake zote kwenye sasheti, hata zile za soko.

Akipona hiyo ndiyo mrudi kuuliza habari ya kusahau. Mwambie dokta apime pia masikio na tansio, maana mzee asiyesikia vizuri anaonekana kama amesahau kumbe hakusikia. Na SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili, iko hapohapo Bukavu, mnaweza kuuliza huko pia.

Akikuita jina la dada yake marehemu, usimbishie, shika mkono, muulize "mlikuwa mnalima wapi nyinyi wawili?" utaona uso unafunguka.

Kwa masista si kumtupa. Ila mwende kwanza muone nani anawapa dawa usiku, na akihamia mpeleke na kitenge chake anachokizoea.