Mzee, mbona masika hukatika katikati?

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninalima viazi Kinangop. Masika hunyesha wiki mbili mfululizo, kisha jua linawaka hadi majani yanajikunja. Nikimpigia dada yangu Kilifi, aniambia kwao ndiyo kwanza inaanza. Je, mvua hugawana zamu?
– Mama wa Viazi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zamu ipo, na umeiona mapema kuliko mimi. Miaka niliyopima mvua, kila saa tatu asubuhi nikimimina maji ya kipimamvua, daftari lilijaa namba, halafu sifuri, sifuri, sifuri. Nikadhani ni bahati tu.

Kumbe kuna kundi kubwa la mawingu linalotambaa tropiki kutoka magharibi kwenda mashariki, polepole, na kurejea baada ya siku 30 hadi 60. Wamarekani wawili, Madden na Julian, walilieleza mwaka 1971. Likifika juu ya Bahari ya Hindi, huvuta pepo za magharibi zenye unyevu wa Kongo. Hewa hiyo ikipanda ukingo wa Bonde la Ufa, hupoa, nawe unalowa. Mvua kubwa ya Machi 2018 unaikumbuka bila shaka! Likishapita, pepo za mashariki kutoka baharini hushika zamu, na mara nyingi Kilifi hupata yake.

Lakini si saa ya ukutani. Mizunguko mingine ni hafifu, mingine huvurugwa na El Niño. Kabla ya kutia mbolea ya kukuzia, sikiliza kwanza utabiri wa wiki. Ikitiwa kwenye udongo mkavu, inakaa tu pale juu.