Kabla ya dripu kuwekwa, damu ichukuliwe

Ukimpeleka mgonjwa hospitali na homa ya kutetemeka, kuna mambo mawili nakuomba uyashike hata ukisahau mengine yote. Beba dawa zote alizomeza tangu aanze kuumwa, na kama zimekwisha, beba maganda yake. Kisha, kabla hajadungwa antibiotiki ya kwanza, muulize daktari kwa adabu kama damu itachukuliwa ikaoteshwe maabara, ijulikane kama ina bakteria na ni wa aina gani.

Nilimuuguza mama mkubwa hapa Malindi, ndiyo maana nayasema haya kwa uchungu. Ana kisukari cha miaka mingi. Maradhi yalianza kwa mkojo kumchoma. Akamtuma mjukuu duka la dawa, akaletewa vidonge vya siprofloksasini vichache tu, kulingana na pesa alizotoa. Akapata nafuu, akaacha. Maumivu yakarudi, na safari hii akaambiwa ana taifodi, akapewa dawa nyingine. Usiku alipoanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa chalia, akipumua mbio na kutuita kwa majina ya watu waliokwisha kufa, tulimpakia kwenye tuktuk kutoka Maweni bila kungoja kuche.

Swali la kwanza la daktari wa zamu lilikuwa: "Mama amemeza nini mpaka leo?" Binti yake alikuwa amekusanya kila kitu kwenye kikapu, akakimwaga juu ya meza: maganda yaliyokatwa kwa makasi, kapsuli za rangi mbili zilizobaki, chupa ya dawa ya kifua, hata majani makavu ya kuchemsha. Daktari aliyapanga maganda moja moja, akayageuza kusoma jina lililokatika nusu, akaandika. Alipokwisha, akamwomba sista alete chupa za kuoteshea damu.

Hapo mjomba akaja juu. "Mgonjwa mwenyewe hana damu, na nyinyi mwataka kumtoa nyingine?" Maneno haya nimeyasikia mara nyingi katika mji huu, na simlaumu anayeyasema, maana mtu akiwa na hofu hulinda kile anachokiona. Sista hakukasirika. Alimwonyesha chupa mbili ndogo, akamwambia, "Baba, zote mbili hazifiki zaidi ya vijiko vinne vya chai. Tukitia dawa kwanza, wadudu watajificha na hatutajua ni wa aina gani." Mjomba akanyamaza, damu ikachukuliwa, na dripu ikafuata papo hapo. Zingatia hilo pia: bakteria wakishaingia kwenye damu na mwili ukaanza kulemewa, dawa hutakiwa ndani ya saa moja. Kuulizia kipimo kusimcheleweshe mgonjwa. Kuchukua damu ni kazi ya dakika chache, majibu ndiyo huja baada ya siku kadhaa.

Damu ile huwekwa kwenye chakula cha bakteria, ikahifadhiwa kwenye joto kama la mwili. Kama wamo, wataota. Baadaye hujaribiwa kwa dawa mbalimbali ionekane ipi inawaua na ipi inawapita tu. Karatasi ya mama mkubwa ilipokuja, ilitaja E. coli, bakteria wa tumboni aliyepanda kwenye njia ya mkojo akaishia kwenye damu. Mbele ya siprofloksasini paliandikwa R, yaani bakteria ni sugu, dawa hiyo haiwaui. Mbele ya seftriaksoni, ile sindano aliyokuwa akidungwa tangu tufike huku homa ikikataa kushuka, R vilevile. Iliyobaki na S, yaani dawa bado inawaua, ilikuwa meropenemu, ambayo kwake ilibidi ipitie mshipani kila baada ya saa nane, mchana na usiku, na duka lenye nayo lilikuwa la kutafutwa.

Mzigo wa usugu wa dawa nimeujua hapo. Kikundi cha familia cha WhatsApp kikageuka kikundi cha mchango. Binti yake, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, hakuwasha jiko muda wote mama alipokuwa wodini, na wateja wakahamia kwingine. Wajukuu walilala kwa majirani. Mama mkubwa amepona, alhamdulillahi, lakini hadi leo akitembea kutoka chumbani hadi barazani lazima apumzike.

Wengine hawarudi nyumbani. Mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko ulikouma zaidi. Katika kaunti yetu hii ya Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliokutwa na bakteria kwenye damu, 28 walifariki. Kati ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo, asilimia 26 walikuwa na bakteria kwenye damu na asilimia 22 walikuwa na malaria. Sisi wa pwani tumefundishwa kuiogopa malaria, na tuko sahihi, lakini huyu mwingine hatujamwogopa inavyostahili.

Sasa nizungumzie taifodi, kwa sababu hapa ndipo antibiotiki nyingi zinapopotea. Mtu ana homa, anapimwa Widal kwa tone la damu, anaambiwa "unayo", anapewa dawa. Kipimo hicho hutafuta askari wa mwili waliowahi kupambana na wadudu wa aina hiyo, na askari hao wanaweza kuwa wa zamani. Mtu anaweza "kuwa na taifodi" kila akipimwa mwaka mzima na asiwe nayo hata mara moja. Kila dozi anayomeza huua bakteria wanyonge walioko tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu. Ukiambiwa una taifodi kwa Widal peke yake, na hasa ukiambiwa mara ya pili na ya tatu, omba kipimo cha kuotesha. Na mafua ya kusi hayana haja ya antibiotiki kabisa, kwa kuwa huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi.

Ukiwa wodini unamtazama mgonjwa, itazame pia sindano ya dripu na mpira wa mkojo. Vyote viwili ni njia za bakteria kuingilia. Muulize sista kila siku, "Huu bado wahitajika?" Ngozi ikiwa nyekundu au imevimba pale sindano ilipoingia, sema mara moja, usingoje zamu ibadilike. Nawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa wako na baada ya kumsaidia wa kitanda cha pili, maana kwetu mtu hawezi kumwona mwenzake ana kiu akaacha kumnyanyua.

Mkipewa ruhusa ya kurudi nyumbani, omba nakala ya karatasi ya maabara na uipige picha. Bakteria sugu wanaweza kukaa tumboni kwa miezi bila kumuumiza mtu. Homa ikirudi, daktari mwingine akiiona picha ile hatapoteza siku za mwanzo kwa dawa iliyokwisha kushindwa. Sisi tumeiweka kwenye simu tatu.

Watoto wachanga sitawaacha. Mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, au mwili ukiwa wa moto au baridi kuliko kawaida, mpeleke usiku huo huo. Usimpe matone ya dawa iliyobaki ya kaka yake. Mama akiwa alitumia antibiotiki ujauzito ukielekea mwisho, mwambieni daktari. Na siku zake za chanjo zisipite: ya Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, tuliyonayo Kenya tangu 2001, na ya nimonia iliyoanza 2011 huzuia baadhi ya bakteria hawa kabla hawajaifikia damu, na mtoto asiyeugua hahitaji sindano ya antibiotiki ya aina yoyote.