Hooke Alikuta Nyumba, Wenyewe Hawapo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu cha binti yangu kinasema Robert Hooke aligundua seli mwaka 1665 alipotazama kizibo cha chupa kwa hadubini. Ukurasa unaofuata kinasema seli ndiyo kitu kidogo kabisa chenye uhai. Sasa ananibana: kizibo kina uhai gani? Nimekosa jibu.
Mama wa mdadisi

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako amewashika pabaya waandishi wa vitabu.

Kizibo hakina uhai. Ni gome la mti jamii ya mwaloni, na seli zake zilishakufa zikabaki kuta tupu. Hooke alinoa kijisu kikawa kama wembe, akachanja kipande chembamba sana, akakiweka juu ya bamba jeusi kwa kuwa chenyewe kilikuwa cheupe. Akaona vijumba vimepangana kama sega la nyuki, akavipa jina lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Ndilo hilo tunalotamka seli. Akapiga na hesabu: inchi moja ya ujazo ina vyumba zaidi ya bilioni 1.2! Nimtetee kidogo: kwenye mimea mibichi aliona vyumba vimejaa majimaji. Ila hakufika mbali zaidi ya hapo.

Aliyekutana na wenyeji ni Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Mwaka 1674, kwa lenzi moja tu, aliona vijidudu vikiogelea kwenye maji ya ziwa. Mwaka 1683 akaandika habari za ukoga aliojikwangua menoni, nao ulikuwa umejaa viumbe.

Kisha zaidi ya karne ikapita bila nadharia. Mwaka 1831 Robert Brown alikipa jina kile kidoa kilichomo ndani ya seli, yaani kiini, na kwangu mimi hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mtaalamu wa mimea Matthias Schleiden alikuwa akila chakula na Theodor Schwann, akamsimulia habari za viini. Schwann akashtuka: na yeye ameviona kwenye tishu za wanyama! Mwaka 1839 akatangaza kwamba wanyama na mimea wote wamejengwa kwa seli.

Lakini wote wawili walikosea: walidhani seli mpya huganda kutoka kwenye majimaji, kama chembe za chumvi. Robert Remak, akichunguza viinitete vya kuku, aliona seli moja ikigawanyika kuwa mbili. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akalitangaza hilo kwa msemo mfupi, kwamba kila seli hutoka kwenye seli, sifa zikamwendea yeye. Hilo huniudhi mpaka leo.

Sasa mwambie binti: seli hai ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, inavunja chakula kupata nguvu, inatengeneza protini kwa maelekezo ya DNA, inatoa taka. Nyingi hugawanyika, si zote. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa haina kiini wala haigawanyiki, lakini hubeba oksijeni kwa siku 120 hivi. Kizibo hakifanyi lolote kati ya hayo. Kuta zake tu ndizo zimebaki na kitu kama nta kisichopitisha maji, na ndiyo maana kinafaa kuziba chupa.

Mkipata hadubini, bandueni kile kiwambo chembamba cha ndani ya kitunguu, mdondoshee iodini kidogo, mfunike na kioo chembamba. Mtaona matofali marefu, kila moja na kidoa cha hudhurungi. Kioo kishusheni kwa kukilaza taratibu kutoka upande mmoja. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikidondosha tu, darasa zima likapanga foleni kutazama viputo vya hewa huku nikivisifia kuwa ni seli. Kiputo ni duara kamili lenye ukingo mweusi mnene.