Shangazi, jina la kijiweni limenifuata hadi ukweni

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Nkuhungu, Dodoma. Ni Simba damu. Rafiki yangu wa tangu utotoni Chang'ombe ni Yanga, anaendesha bajaji, na tumetaniana miaka yote. Aprili 2023 tulipowafunga mbili bila, nilimwekea mlangoni ndoo ya vyura, maana ndivyo tunavyowaita Yanga. Novemba 5 mwaka huohuo walipotupiga tano moja, niliamka nikakuta nyanya tano na kitunguu kimoja vimepangwa kizingitini. Mama alidhani tumerogwa. Nilipomweleza, akavipika.

Sasa Shangazi, nimechumbia binti wa Mvumi. Mahari ni ng'ombe kumi na wawili, nimetoa watatu, na mshenga wangu ni rafiki yangu huyohuyo. Siku moja akasema kijiweni: "Huyu timu yake inaishia robo fainali, na mahari yake imeishia robo." Watu hoi. Tangu hapo naitwa Mwakarobo. Nilijipa moyo kwamba Simba ikivuka robo jina litakufa. Mwaka 2025 tukafika fainali ya Shirikisho Afrika, wakageuza: "Timu imevuka, mwenyewe amebaki."

Juzi nilialikwa ukweni kwenye sherehe ya kipaimara. Ndiyo kwanza nashuka kwenye pikipiki, mdogo wake mchumba, yuko kidato cha tatu, akapaza sauti mbele ya wazee: "Mwakarobo huyo!" Watu wakacheka. Mchumba wangu naye akacheka, kajiziba na khanga. Baba mkwe hakucheka, aliniangalia tu. Niliondoka bila kula. Rafiki yangu sisemi naye tena, kundi letu la WhatsApp nimejitoa, na bajaji yake ikipita nageukia ukutani. Yeye anadai ni utani wa jadi, eti nimekuwa mwanamume wa kununa.

Kuhusu mahari, ng'ombe wa nne alikuwa tayari, ila hela ilipungua kidogo kwa sababu ya mkeka wa kubeti niliouweka kwenye dabi ya Juni 25, 2025. Hilo analijua rafiki yangu peke yake.

Je, nivunje urafiki? Na mchumba aliyenicheka mbele za watu, ananipenda kweli?

Mwakarobo asiyetaka, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Nyanya tano na kitunguu kimoja! Kijana huyo ana kipaji, na mama yako ana akili kuliko nyote wawili. Na wewe vyura hao uliwatoa wapi, Dodoma hii, mwezi wa nne mvua zikiwa zinaaga? Sikuoni ukiwapata pungufu ya kufika Hombolo bwawani. Mtu anayesafiri na ndoo kwenda kutafuta vyura wa kumwekea rafiki yake mlangoni hawezi kuniambia leo kwamba hapendi utani. Unaupenda. Ndiyo maana umeona haraka kwamba hili la sasa ni kitu kingine, ila hujajua ulielezeje.

Tazama utani wenu wa zamani ulivyokuwa. Yeye akikunyooshea vidole vitano vya 2023, wewe unamrudisha Mei 6, 2012, tano bila. Akikimbilia 1968, Yanga ilipowafunga tano bila, Simba yenu wakati huo ikiitwa Sunderland, wewe unamshusha 1977 kwenye zile sita. Akisema timu yake ilifika fainali ya Shirikisho mwaka 2023, unamkumbusha kwamba kombe lilikwenda Algeria na USM Alger kwa bao la ugenini. Naye atakuuliza kombe la 1993 mlimwachia nani pale Dar es Salaam, utajikuta unamtaja Stella Abidjan kwa sauti ndogo. Klabu moja ya 1935, nyingine ya 1936, zimechekana karibu miaka tisini na hakuna aliyewahi kuishiwa cha kujibu. Kila tusi lina dawa yake uwanjani.

Mwakarobo nalo lilikuwa hivyo lilipoanza. Simba ilitolewa robo fainali za Afrika mwaka 2019, 2021, 2022, 2023 na 2024, basi Yanga wangefanya nini, wanyamaze? Na jibu mlikuwa nalo, maana mwaka huo wa 2024 Yanga nao walikwama robo hiyohiyo, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Ungewaambia tu karibuni nyumbani, viti vipo.

Kisha ukaja mwaka 2025. Simba ikamtoa Al Masry kwa penalti, ikamtoa Stellenbosch, ikaenda fainali ikafungwa na RS Berkane. Timu ikalivua lile jina. Wewe wakakuacha nalo. Hapo ndipo pa kushika, mwanangu. Tangu siku waliposema "timu imevuka, mwenyewe amebaki," Simba haimo tena katika utani huo. Kilichobaki ni mfuko wako na ng'ombe wako tisa. Rafiki yako akikuambia ni utani wa jadi, muulize Yanga imeingilia wapi.

Sisi Wagogo tuna watani wetu, Wahehe na Wanyamwezi wakiwamo, na nimeona mambo yao msibani. Mtani anaweza kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anaweza kuiga marehemu alivyokuwa akichechemea, wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini ule mwendo kila mtu aliuona. Mtani huchukua kilicho hadharani. Hesabu ya ng'ombe wako haikuwa hadharani. Ilikuwa kwenye mkeka wa wazee kule Mvumi, na rafiki yako aliisikia kwa sababu wewe ulimtuma akaisikie. Aliijua kama mshenga, akaitumia kama Yanga. Kosa lake ni hilo, na ni kosa kweli, hukununa bure.

Je, uvunje urafiki? Hapana, na sababu ya kusema hivyo umeniandikia mwenyewe bila kujua. Anajua habari ya mkeka wako. Fikiria kijiwe kile, kila jioni, watu wanamchokoza aongeze jingine kuhusu Mwakarobo, na mdomoni mwake kuna habari ambayo ingekumaliza: kwamba ng'ombe wa nne aliliwa na dabi. Hajaisema. Mtu asiyejali angekwishaisema siku ya kwanza. Huyo ulimi wake una mpaka, ila ameuweka mahali pasipo pake, na kazi yako ni kumwonyesha ulipopaswa kuwa.

Usiende kijiweni kumwambia hayo, wala usimwandikie. Panda bajaji yake kama abiria, mwambie akupeleke Ipagala, ulipe nauli kamili. Akiwa anaendesha hawezi kukukimbia, na kwa kuwa hamtazamani usoni maneno hutoka vizuri zaidi. Mwambie hivi: vyura nilileta mimi, nyanya umeleta wewe, hapo tumelingana. Lakini ng'ombe uliwajua kwa sababu nilikutuma, na hilo hukupaswa kwenda nalo kijiweni. Atacheka kwanza. Mwache acheke amalize, wewe usijazie neno. Halafu umuulize jambo ambalo hukuniandikia, nami sitaki kulikisia: nani alilifikisha jina hilo Mvumi? Vijana wa kijiwe nao wana simu, na yule mdogo wa mchumba hakosi kundi lake la Yanga. Huenda mkosaji wa Mvumi si huyu unayemgeukia ukutani.

Usimdai akuombe radhi mbele ya kijiwe. Siku atakayosimama kutangaza kwamba wewe si Mwakarobo, watu wa Kizota ambao hawakuwahi kulisikia watalijua kabla ya saa ya kula. Na ukiitwa, itika kwa sauti ya kawaida. Majina ya kijiweni yanaishi kwa hasira ya mwenye jina.

Sasa hiyo habari ya mkeka.

Umeiandika mwishoni, kwa mistari miwili, kama mtu anayepita haraka mbele ya duka analodaiwa. "Hela ilipungua kidogo." Kidogo kiasi gani, mwanangu? Kama ilitosha kumzuia ng'ombe asitoke, si kidogo. Mechi yenyewe ilipangwa Machi 8, ikaahirishwa, ikachezwa Juni 25 siku ya mwisho wa ligi, wewe ukiwa na miezi mitatu na zaidi ya kwenda mnada wa Msalato na hela mfukoni. Hukwenda. Ulimngoja Mnyama akuongezee ng'ombe wa tano, Yanga wakashinda mbili bila wakachukua na ubingwa. Ungeshinda ungeniandikia barua nyingine kabisa, ya kujisifu.

Tangu serikali ihamie hapa mji unajengwa kila kona, na kila nyumba inataka geti. Fundi wa kuchomelea mwenye mikono mizuri Dodoma ya leo hana kisingizio cha kukaa na robo mwaka mzima. Kwa hiyo jina limekuuma mara mbili: mara moja kwa sababu siri imetoka, mara ya pili kwa sababu wewe unajua kwa nini bado ni robo. Rafiki yako anahusika na la kwanza tu. Usimbebeshe na la pili.

Kubeti ni jambo lako na shetani wako, sitakuhubiria. Ila hela ya mahari isilale tena kwenye simu yako. Ikifika nusu ya bei ya ng'ombe mpe mama yako aiweke, yule aliyepika nyanya. Akikurudishia siku ya dabi, niandikie mimi nitakuja kumsema.

Ukweni sasa. Kicheko cha mchumba umekiulizia swali zima, na baba mkwe umempa maneno machache tu, "hakucheka." Mimi nimesoma hilo mara nyingi kuliko yote. Unaogopa hakucheka kwa sababu anakudharau. Mzee wa Kigogo akisikia mahari ya binti yake imegeuzwa wimbo wa vijana, inayoaibika kwanza ni nyumba yake. Hesabu ile ni yake pia. Nadhani alikuwa upande wako pale, akingoja kuona utafanya nini. Ukaondoka bila kula. Hilo, mwanangu, ndilo zito kuliko jina. Chakula cha sherehe ya watu kimebaki kwenye sahani, na mwenye sherehe hakukukosea.

Rudi Mvumi, na urudi mapema. Mshenga huyo mpumzishe kwanza, mchukue baba mdogo au mjomba mwenye kauli tulivu. Nenda na ng'ombe wa nne kama umempata, kama hujampata, nenda na tarehe ya kweli, si "hivi karibuni." Omba radhi kwa kuondoka bila kula. Usimtaje rafiki yako, usitaje Simba, usijitetee kwamba ulitaniwa. Kwa mkwe hakuna mzaha, na hata kulalamika juu ya mzaha mbele yake ni kuuingiza ndani. Akitaka kujua zaidi atamuuliza mjomba wako pembeni, wazee wana njia zao.

Mchumba wako alicheka kwa sababu lilikuwa linachekesha. Mimi ningecheka. Alijiziba na khanga, maana yake alijua hapakuwa pahala pake. Asiyekupenda angecheka mdomo wazi. Muulize jambo moja tu, kwa upole: je, na yeye marafiki zake wanamwita mke wa Mwakarobo? Inawezekana kabisa jina hilo mmelibeba wawili, na wewe umekaa Nkuhungu ukidhani uko peke yako.

Na yule kijana wa kidato cha tatu mwache. Alikosea mahali, maana mbele ya wazee si pa kupiga kelele, na baba yake bila shaka amekwisha mwambia. Lakini shemeji kumtania shemeji ni haki yake, na ukimaliza mahari itakuwa haki yako pia. Ni Yanga, anasoma, na matokeo ya mtihani yatatoka tu siku moja. Utakuwa na pa kuanzia.